Mrina Asali Aliyekalia Kiti cha Sultani

Hapo zamani, katika siku ambazo watu waliwaogopa wafalme asubuhi na kuwacheka jioni, palikuwa na mji uitwao Shungwi, na mji huo ulitawaliwa na sultani jina lake Jauhari. Sultani huyu hakuwa mbaya kupita kiasi. Hakumwadhibu mtu bila sababu, na alipokosa sababu aliitafuta kwanza. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, nao ni kujenga. Alikuwa amekwisha kujenga majumba matatu, na katika hilo la tatu alilokaa palikuwa na milango kumi na miwili ya nakshi, mikomamanga sitini bustanini, na tausi thelathini waliozunguka uani wakijivuna kana kwamba nyumba ni yao. Kwa ajili ya majumba hayo alikata misitu miwili, wa kusini na wa magharibi, ikawa umebaki mmoja tu, Msitu wa Kivumoni, ambao ndani yake ilitoka chemchemi iliyonywesha mji mzima.

Msitu huo ulikuwa na maneno mengi. Vikongwe wa mjini, waliokuwa wakipeleka ubani na maji ya waridi pale chemchemini, walisema una wenyewe wasioonekana. Walimu wa chuoni walisema huo ni upotofu, msitu hauna mwenyewe ila Mwenyezi Mungu peke yake. Wakabishana miaka na miaka, tena kwa ukali, lakini hakuna upande hata mmoja uliowahi kupeleka shoka.

Basi Sultani akatamani jumba la nne, lenye nguzo za mivule mirefu kuliko zote, na mivule hiyo haikuwepo popote ila Kivumoni. Lakini kwa kuwa alipenda sana kuitwa mcha Mungu, hakutaka kukata bila fatwa. Akamwita Kadhi Muhidini, mwanachuoni mkubwa, ambaye kila siku alikula chakula cha mchana jumbani, akamwuliza, "Ewe Sheikh, yafaa mimi kuukata msitu ule, au haifai?"

Kadhi akaomba siku tatu za kutazama vitabu. Siku ya kwanza akaletewa joho jipya. Siku ya pili akaletewa kilemba cha kufuatana na joho. Siku ya tatu akafungua kitabu. Naye alijua fika kwamba suala hilo limeandikwa katika kurasa mbili, wa kulia na wa kushoto. Akausoma wa kulia, akafunga kitabu, akaandika: "Binadamu amefanywa khalifa katika ardhi. Miti na wanyama, maji na mawe, vyote vimewekwa chini yake. Naye khalifa hutumia kilicho chini yake apendavyo, wala haulizwi." Sultani akafurahi mno, na mbiu ikapigwa mjini kwamba mashoka yanolewe.

Sasa, kando ya msitu huo aliishi mrina asali jina lake Machano, pamoja na mkewe, Mize. Machano alikuwa fukara wa kutupwa, na ufukara wake kila mtu alijua umetoka wapi. Kila aliporina mzinga alichukua mafungu mawili ya masega, na fungu la tatu akawaachia nyuki. Warina wenzake walikamua mpaka nta, wakanunua mbuzi, wakaoa mke wa pili. Machano alibaki na kanzu moja yenye viraka. Akiulizwa kwa nini, hujibu, "Nao wana watoto." Watu wakamwita mjinga, naye akaitikia, maana jina hilo halikumgharimu kitu.

Alipoisikia ile mbiu, Machano aliweka chini kibuyu chake. Kisha akavaa kanzu.

"Unakwenda wapi?" akauliza Mize.

"Kwa Sultani."

"Kufanya nini? Wewe ukimwona askari tu miguu inakutetemeka."

"Itatetemeka," akasema Machano. "Lakini itanifikisha."

Akaenda, akaingia barazani, akapiga magoti, akasema, "Sabalkheri, maulana. Nimekuja kwa ajili ya msitu."

"Msitu umekutuma?" akauliza Sultani, na baraza zima likacheka, kwa kuwa alicheka yeye kwanza.

"Haukunituma, bwana wangu. Ila nimesikia unakatwa, na sikusikia kwamba mwenyewe ameulizwa."

"Mwenyewe ni nani?"

"Aliyeupanda. Mimi sikuupanda, nawe hukuupanda, na Sheikh Kadhi hapa naiona mikono yake laini, sidhani kama ni yeye."

Kadhi akakohoa. Sultani akainama mbele, akasema kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto, "Sikiliza, ewe mrina asali. Huyo unayemsema mimi namjua kuliko wewe, msikiti wa Ijumaa nimemjengea mimi. Lakini nilikata msitu wa kusini, hakuna aliyekuja kuniuliza. Nikakata wa magharibi, kimya. Mtu akivunja tawi moja la mkomamanga wangu, mimi hupiga kelele hadi sokoni wasikie. Mwenye mali hukasirika, ndivyo alivyo. Wako mbona hakasiriki?"

Machano akajuta kwa nini hakumsikiliza mkewe.

"Basi nakupa siku nane," akasema Sultani. "Niletee hapa barazani mwenye mali aliyekuta mali yake imeharibiwa na yule aliyemwachia, nami nimwone kwa macho yangu jinsi anavyokasirika. Ukimleta, msitu nimeuacha, wala shoka halitaingia humo maisha yangu yote. Ukishindwa, shoka litaanza na shingo yako, kisha ndiyo liende kwenye miti."

Watu wakaona huyu amekwisha kufa, na waliokuwa karibu naye wakasogea kidogo. Machano akabaki amepiga magoti, akitazama chini, na chini pale aliona mitalawanda ya Sultani, viatu vya mti vya kifalme vilivyopambwa kwa fedha. Hapo akakumbuka jambo.

Yapaswa mjue kwamba Shungwi walikuwa na desturi yao. Sultani alipokwenda kuzuru makaburi ya wazee wake, safari ya siku saba, kiti hakikuachwa kitupu. Aliachiwa mtu, akavaa ile mitalawanda, akaitwa khalifa wa kiti. Hapo kale waliachiwa ndugu wa Sultani, mpaka ndugu mmoja akakipenda kiti akakataa kushuka, ikabidi ashushwe kwa mikuki. Tangu hapo huachiwa fukara asiye na mbele wala nyuma. Mwaka uliopita aliachiwa mzee mmoja kiziwi, akalala kitini siku zote saba, na ikasemwa mji haujapata kutawaliwa vizuri namna ile. Na safari ya mwaka huu ilikuwa kesho yake.

"Maulana," akasema Machano, "mgeni mkubwa namna hiyo siwezi kumpokea katika kibanda changu cha makuti. Niachie mimi kiti mwaka huu. Siku ya nane, utakaporudi, utamkuta humu humu barazani, na watu wote watamwona."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamlegea. Aliona hakuna mzaha mtamu kuliko huo, mtu kuwa khalifa siku saba na ya nane kukatwa kichwa. Akasema, "Nimekubali."

"Nami nitajuaje mipaka yangu, bwana wangu? Mimi mtu wa porini. Niandikiwe khati, nijue khalifa ana amri gani."

Sultani akamwashiria Kadhi aandike. Naye Kadhi, kwa kuwa saa ya chakula ilikuwa imekaribia, hakutaka kutunga maneno mapya. Akanakili yale yale ya juzi: "Khalifa hutumia kilicho chini yake apendavyo, wala haulizwi." Sultani akapiga muhuri bila kusoma, kama afanyavyo mtu anayeyajua maneno yake mwenyewe.

Asubuhi Sultani akaondoka na farasi na matarumbeta, na Machano akapanda kitini. Mitalawanda ilimzidi vidole vitatu. Siku ile ya kwanza hakufanya lolote, alikaa tu akiogopa.

Siku ya pili akaagiza mafukara wote wa Shungwi waitwe jumbani wale pilau. Mpishi akaja akasema, "Ewe khalifa, nyama hakuna ya kuwatosha, na kuni zimekwisha."

Machano akatazama uani, akawaona tausi. Akatazama nyuma yake, akauona mlango wa baraza, umechongwa mayungiyungi na minyororo, kazi ya mafundi wa miaka miwili. Akaona uchungu wa kweli, maana alikuwa mtu wa kupenda kitu kilichotengenezwa vizuri. Kisha akapiga moyo konde, akasema, "Bismillahi. Nyama ni ile pale, na kuni ni hizi."

Watumishi wakapiga mayowe. Machano akawaonyesha khati na muhuri, wakanyamaza, wakaleta mashoka. Mafukara wakala, wakalamba vidole, wakamwombea Sultani maisha marefu.

Ikawa hivyo siku ya tatu na ya nne. Milango ikaenda mekoni, tausi wakaenda siniani, na mikomamanga ikakatwa ili mafukara wapate mahali pa kutandika mikeka. Mize alipoleta nguo safi akaona hali ile, akashika kichwa.

"Mume wangu, umeingiwa na nini? Wewe usiyeua nyuki!"

"Mke wangu, mimi ni khalifa."

"Na kichwa chako je?"

"Ndicho ninachokipigania," akasema Machano, na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Kichwa na chemchemi, maana miti ikikatwa nayo itakauka. Nenda, ukanichotee maji ya Kivumoni, uniwekee kwa siku ya nane."

Siku ya tano Kadhi Muhidini akaja kula chakula chake cha mchana kama kawaida. Akakuta chumba cha kulia hakina mlango, na vilema wawili wamekaa juu ya zulia alilozoea kukalia yeye. Akaomba sharubati ya komamanga ya kushushia, akaambiwa mkomamanga uliokuwa ukimpa sharubati ndio ulioivisha pilau. Basi Kadhi akasahau joho, akasahau kilemba, akaingia barazani akipiga kelele.

"Ewe mlaaniwa! Unafanya nini? Hii ni amana! Khalifa si mwenye mali, khalifa ni mtu aliyewekwa tu! Utaulizwa kwa kila tausi na kila msumari!"

Machano akainuka kitini kwa heshima. "Sheikh, maneno mazuri hayo. Umeyatoa wapi?"

"Yameandikwa kitabuni!"

"Ukurasa upi?"

Kadhi akasema polepole, "Wa kushoto."

"Basi siku ya nane njoo nacho," akasema Machano. "Na leo, tafadhali, karibu chakula. Nafasi ipo hapo baina ya wenzako."

Siku ya nane matarumbeta yakasikika. Sultani Jauhari akaingia mjini akiwaza namna atakavyocheka, akafika langoni mwa jumba lake, akakuta lango halina mlango. Akaingia ndani, hakuna mlango. Akatazama bustani, akaona visiki. Akawaita tausi wake kwa mluzi kama alivyozoea, wakaja wachache, nao wakija kwa wasiwasi. Hapo akatoa ukelele ambao uliwasimamisha wachuuzi sokoni na mizani mikononi.

"Ni nani? Ni nani aliyeniharibia nyumba yangu? Mali yangu! Nilimwachia nani?"

Akaingia barazani mbio mbio, mshipa umemsimama pajini mwa uso, povu kinywani, upanga nusu nje ya ala. Watu wote wa baraza walikuwapo, na Kadhi pamoja nao, amekumbatia kitabu.

Machano akashuka kitini, akavua mitalawanda, akaipanga mbele ya Sultani, akainama mpaka chini. Kisha akageuka kuwaelekea watu, akasema kwa sauti iliyotetemeka lakini ikasikika, "Enyi watu wa Shungwi, mshuhudie. Nimeamriwa kumleta barazani mwenye mali aliyekuta mali yake imeharibiwa na yule aliyemwachia. Huyu hapa amefika."

Mize akasogea na tasa la shaba limejaa maji ya Kivumoni, kama mwenye nyumba aletewavyo maji anaporudi safarini, akalishika mbele ya Sultani anawe uso. Sultani akainama, maana vumbi na jasho vilimchoma macho, na kwenye maji yale akaona uso mwekundu, macho yamemtoka, meno nje.

"Na uliagiza umwone kwa macho yako jinsi anavyokasirika," akasema Machano. "Huyo ndiye, bwana wangu. Astaghfirullahi, sikufananishi na Yule wa msitu, hafanani na mtu. Nasema tu, ikiwa mwenye milango kumi na miwili, aliyoinunua, uso wake ni huu, mimi sitaki kuwapo siku Yule atakaporudi kukagua."

"Nitakukata kichwa!" akasema Sultani, lakini macho yake yalikuwa bado kwenye tasa.

"Na khati yako inasema siulizwi."

Sultani akaipokea khati, akaisoma kwa mara ya kwanza. Akaisoma mara ya pili. Akamgeukia Kadhi. "Sheikh, khalifa huulizwa au haulizwi?"

Maskini Kadhi Muhidini! Akisema haulizwi, Machano yuko huru na tausi wameliwa kwa halali. Akisema huulizwa, fatwa ya msitu imekufa, na joho labda litarudishwa. Akafungua kitabu, ukurasa wa kushoto, akasema kwa sauti ya mtu mgonjwa, "Huulizwa, maulana. Kwa kila kitu. Mambo haya yana kurasa mbili."

"Na wewe ulinisomea ngapi?"

Kadhi akafunga kitabu.

Sultani akakaa kitini. Akamtazama Machano muda mrefu, kisha akauliza, si kwa hasira tena bali kama mtu anayetaka kujua, "Niambie kweli. Siku zote hizo ulipokuwa ukivunja vitu vyangu, hukuogopa?"

"Siku ya pili niliogopa sana, bwana wangu. Kila farasi aliyelia nilidhani ni wako. Siku ya tatu hukuja, nikasema, labda hajali. Siku ya nne hukuja, nikasema, labda ameridhika. Siku ya sita, nakuomba radhi, nikiwa nimekaa juu ya kiti hiki na watu wakiniinamia, ilinipitia kwamba labda mwenyewe hayupo kabisa, na kiti ni changu."

Hakuna aliyecheka. Sultani akainua macho tena kuzitazama hasara zake, akahesabu. Milango ilibaki minne. Tausi walibaki kumi. Bustanini, kule pembeni, mikomamanga ishirini ilikuwa imesimama na maua yake.

"Hii mbona hukuimaliza?" akauliza. "Ulikuwa na siku saba na khati yangu."

Machano akaona haya, akajikuna shingo. "Nilijaribu, maulana. Niliinua shoka kwa mlango wa tisa, mkono ukakataa. Ni mazoea ya kazi. Fungu la tatu sijapata kulichukua popote, hata nikifanya uovu nashindwa kuufanya wote. Wewe ulikuwa unakwenda Kivumoni kuchukua hadi chemchemi. Mimi sijui mtu hujifunzaje hilo."

Hapo Sultani Jauhari akainamisha kichwa, na waliokuwa karibu wanasema masikio yake yaliwiva. Alipoinua uso alikuwa anacheka, lakini kicheko chake kilikuwa kidogo, cha mtu aliyekamatwa mkono wake ukiwa kapuni mwa mwenzake. Akasema, "Msitu nimeuacha, kama nilivyoahidi. Na wewe, mrina asali, nakupa zawadi. Chukua Msitu wa Kivumoni wote, uwe wako."

Machano akapiga magoti tena. "Ahsante, maulana. Ila naomba kuuliza. Anayetoa hapa ni mwenyewe, au ni khalifa?"

Ndipo Sultani akacheka kweli, kicheko kikubwa, akampa kanzu mbili na mbuzi wa maziwa, vitu ambavyo hakuna shaka vilikuwa vyake. Mize akamwongoza mbuzi nyumbani, akimsema mumewe njia nzima kwa hofu aliyompa siku nane, kisha walipofika chemchemini akamshika mkono akalia.

Milango minane haikutengenezwa tena, kwa kuwa mbao hazikuwapo, na Sultani akazoea kukaa na upepo. Jumba la nne halikujengwa. Kadhi Muhidini aliendelea na kazi yake, lakini tangu siku ile kila mtu aliyemwendea kwa fatwa, hata mwuza ndizi, humwuliza kwanza, "Sheikh, leo umesoma kurasa ngapi?"

Nami niliyewahadithia nimechukua kwa Machano tabia moja. Mafungu mawili ya hekaya hii nimewapa. La tatu nimeliacha mzingani, kwa wenyewe.